Chupa ya Chai Iliyorudi Imejaa: Mitokondria Zinavyotoa Habari Zikilemewa

Shangazi yangu ni fundi wa nguo Kariobangi. Kwa miaka kadhaa alikuwa akikanyaga cherehani kama dakika kumi hivi, kisha anavua ndala na kutumbukiza miguu kwenye beseni la maji baridi aliloliweka chini ya meza. "Nyayo zinawaka, mwanangu, kama nimekanyaga makaa," alikuwa akiniambia. Alikuwa akitumia stavudini, mojawapo ya dawa za ARV zilizotangulia kuwafikia watu wengi. Dawa hiyo ilimwokoa, na hilo husema mwenyewe bila kuulizwa. Lakini watu wa rika lake hapa Nairobi wanakumbuka pia yaliyoandamana nayo: mashavu yaliyobonyea, mikono iliyokonda mpaka mishipa ikajichora, na miguu iliyowaka usiku kucha. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilizishauri nchi ziiondoe hatua kwa hatua.

Stavudini ilitengenezwa ili kuvizuia virusi visijinakili. Taabu ni kwamba kuna kimeng'enya ndani ya mwili wetu ambacho nacho hudanganyika nayo, kile kinachonakili DNA ya mitokondria. Kwa hiyo kadiri dawa ilivyotumika, ndivyo nakala za DNA hiyo zilivyopungua katika baadhi ya tishu. Hapo ndipo hadithi ya makala haya inapoanzia, kwa sababu swali ambalo wanasayansi wamehangaika nalo tangu miaka ya tisini ni hili: mitokondria ikiharibikiwa ndani, nje hujulikanaje?

Shuleni tulikaririshwa kwamba mitokondria ni mtambo wa nishati wa seli. Ni kweli, ila picha hiyo huficha jambo moja kubwa. Mitokondria zilitokana na bakteria walioingia ndani ya seli nyingine zaidi ya miaka bilioni 1.5 iliyopita, na hadi leo zimebaki na DNA yao ndogo. Kwa binadamu DNA hiyo ina jeni 37 tu, na ni jeni 13 kati ya hizo zinazotoa protini. Mitokondria inahitaji protini za aina zaidi ya 1,000. Zilizobaki zote maagizo yake yako kwenye kiini cha seli, hutengenezwa nje, na lazima ziingizwe ndani moja baada ya nyingine.

Nilipomweleza shangazi alilielewa upesi kuliko wanafunzi wengi niliowafundisha maabara. Mashine za mitokondria zinazozalisha nishati, nilimwambia, ni kama koti ambalo kiwiliwili kinakatwa na fundi mmoja na mikono inakatwa na mwingine, halafu vinaunganishwa. Dawa ikipunguza viwiliwili, mikono inaendelea kuja. Itarundikana. "Na mkono wa koti usio na koti ni takataka," akasema. Ndivyo ilivyo. Protini isiyopata mwenzake huacha wazi sehemu ambazo zingefichwa ndani ya muungano, sehemu zenye kunata, nazo hushikana na nyingine mpaka zikawa mabonge.

Tukae kidogo hapa kwenye kukunjwa, maana ndicho kiini cha mambo. Protini huanza kama uzi mrefu wa asidi za amino. Haifanyi kazi mpaka ijikunje ikawa na umbo lake. Protini inayokwenda mitokondria hairuhusiwi kujikunja kabla ya kufika, kwa sababu njia ya kuingilia kwenye tando mbili za mitokondria ni nyembamba kama tundu la sindano. Uzi wenye fundo haupiti. Kwa hiyo hupita ukiwa umenyooka, ncha ikitangulia, na ncha hiyo ndiyo yenye alama inayosomeka kama anwani. Kinachouvuta ni umeme: utando wa ndani una chaji hasi upande wa ndani, na anwani ina chaji chanya. Ukishaanza kuingia, protini iitwayo HSP70 ya mitokondria huudaka na kuuvuta usirudi nyuma.

Ndani, uzi hukatwa anwani kisha hukunjwa. Baadhi ya nyuzi hukunjika zenyewe. Nyingine huhitaji kuingia ndani ya HSP60, ambayo ni pipa hasa, lenye pete ya vipande 7 na kifuniko kiitwacho HSP10. Uzi unafungiwa humo peke yake, mbali na vyote vinavyoweza kuunata, unapewa nafasi ya kujikunja, kifuniko kinafunguliwa, unatoka. Ukishindwa, kuna vimeng'enya vya kukata, kama LON na CLPP, vinavyousaga vipande vipande. Napenda kufikiria kwamba jambo hili linatokea sasa hivi ndani ya kidole kinachokuwezesha kusoma hapa, bila kituo.

Sasa, nyuzi zisizokunjika zikizidi, mapipa hayatoshi. Inabidi yaongezwe. Lakini maagizo ya kutengeneza HSP60 yako kwenye kiini, nje kabisa ya tando mbili. Mtu lazima apeleke habari.

Dalili ya kwanza kwamba habari hupelekwa ilionekana mwaka 1996 Melbourne, Australia, katika maabara ya Nicholas Hoogenraad. Walichukua seli za ini la panya wakazipa ethidiamu bromaidi, rangi ambayo wengi wetu tunaijua maabara kwa kuonyeshea DNA kwenye jeli, na ambayo hatuigusi bila glavu. Rangi hiyo huzuia DNA ya mitokondria isinakiliwe, sawa na stavudini ingawa kwa njia nyingine. Seli zilijibu kwa kuongeza HSP60. Mwaka 2002 kundi hilo lilikwenda moja kwa moja kwenye jambo lenyewe: liliingiza ndani ya mitokondria protini moja iliyoharibiwa makusudi isiweze kukunjika, na mapipa pamoja na CLPP yakaongezeka, huku walezi wa protini, yaani protini zinazosaidia nyingine kukunjika, wa sehemu nyingine za seli wakitulia tu. Kumbe kiini kilijua shida iko wapi. Mwitikio huu ukaanza kuitwa mwitikio wa mitokondria kwa protini zisizokunjika.

Mjumbe mwenyewe alipatikana ndani ya mnyoo. Mnyoo huyu, C. elegans, ana urefu wa milimita 1 hivi, huishi wiki mbili hadi tatu, na mwili wake unapenyeza mwanga, hivyo ukiunganisha jeni ya HSP60 na protini inayong'aa kijani unaona kwa darubini utumbo wake ukiwaka pale mitokondria zinapotaabika. Kwa mbinu hiyo maabara ya David Ron, na baadaye ya Cole Haynes, zilichambua jeni moja moja. Mwaka 2012 kundi la Haynes lilieleza jinsi protini iitwayo ATFS-1 inavyofanya kazi, na mpaka leo naona maelezo yale ni mojawapo ya mambo mazuri zaidi katika biolojia ya seli.

Fikiria hoteli ndogo Gikomba inayopeleka chai kwa mafundi wa karakana iliyo ng'ambo ya barabara. Kila asubuhi chupa inavuka, chai inanyweka, hakuna anayewaza. Siku chupa ikirudi imejaa, mwenye hoteli hahitaji kupigiwa simu. Anajua kwamba karakana haikufunguliwa au mlango umekwama. Chai haikutumwa kupeleka habari. Ilitumwa inywewe, na kurudi kwake ndiko habari.

ATFS-1 ni chai hiyo. Ina anwani mbili: moja ya mitokondria, nyingine ya kiini. Siku za kawaida huingizwa ndani ya mitokondria na kusagwa na LON, basi. Lakini mitokondria zikilemewa, umeme wa utando ukashuka na njia zikajaa, kuvutwa kunadhoofika. ATFS-1 inabaki nje, anwani ya pili inashika kazi, inakwenda kwenye kiini na kuwasha jeni za mapipa, za vikataji na za ukarabati. Watafiti walikuja kugundua pia kwamba anwani yake ya mitokondria ni dhaifu ikilinganishwa na za protini nyingine. Kwa hiyo kuingia kukipungua kidogo tu, yeye ndiye wa kwanza kuachwa nje, wakati protini muhimu bado zinapita.

Hilo ndilo wazo ninaloliona likishikilia utafiti huu wote, hata pale watafiti wenyewe wanapoonekana kwenda njia mbalimbali. Seli haina kipima protini zilizoharibika ndani ya mitokondria chenye waya hadi kwenye kiini. Inasoma mlango.

Kwa binadamu, hata hivyo, mambo hayakukubali kunyooka. Mwaka 2016 protini ATF5 ilitajwa kuwa ndugu wa ATFS-1, na kweli inaweza kufanya kazi yake ndani ya mnyoo. Lakini seli za binadamu zilipochunguzwa kwa upana, jina lililojitokeza zaidi lilikuwa ATF4. Na ATF4 si ya mitokondria peke yake. Huamka pia seli ikikosa asidi za amino, ikivamiwa na virusi, au protini zikishindwa kukunjika mahali pengine ndani ya seli. Zote hupitia kitasa kimoja: seli hupunguza utengenezaji wa protini kwa jumla, na katika upungufu huo ATF4 hupata nafasi ya kutengenezwa. Kwa muda swali likabaki, ni nani anayeileta habari ya mitokondria mpaka kwenye kitasa hicho?

Jibu lilitoka mwaka 2020, mara mbili kwa pamoja: maabara ya Martin Kampmann San Francisco na ya Lucas Jae Munich zilizima jeni moja moja katika seli za binadamu zikatazama ni ipi ikizimwa habari haifiki. Zote zilikutana na protini ambayo karibu hakuna aliyekuwa akiishughulikia, DELE1. Mitokondria zikitaabika, kikataji kiitwacho OMA1 kinaikata DELE1, kipande chake kinatoka nje, vipande vinane vinajiunga pamoja, vinamshika HRI, protini nyingine, na HRI ndiye anayekifunga kitasa. Mwanzoni hii ilionekana kama njia tofauti kabisa na ile ya mnyoo: hapa kuna kukatwa ndani, kule kuna kubaki nje. Baadaye ikaonekana kwamba chuma kikipungua ndani ya seli, au njia ya kuingilia ikizuiwa, DELE1 hubaki nje nzima nzima bila kukatwa na bado humwamsha HRI. Chupa ya chai tena!

Nilipofika hapa katika kumsimulia, shangazi aliuliza jambo ambalo watafiti wa hamira walikuwa wameliuliza kabla yake: "Na nyuzi zilizobaki nje ya sindano, zinaenda wapi?" Maana uzi ulionyooka, ukielea kwenye maji ya seli, nao hunata na kufanya mabonge huko huko nje. Mwaka 2015 makundi mawili yalionyesha kwa hamira kwamba hatari ya mlango kukwama huwa nje sawa na ndani. Seli hujihami kwa kupunguza utengenezaji na kuongeza nguvu ya kusaga protini nje ya mitokondria. Mwaka 2023 maabara ya Christian Münch huko Frankfurt ikaunganisha mambo mawili kwa seli za binadamu. Mitokondria zikizidiwa na protini zisizokunjika hutoa kemikali kali za oksijeni, na papo hapo protini ambazo hazijaingizwa hurundikana nje. Kemikali zile hubadilisha protini moja ya nje iitwayo DNAJA1, nayo ikishika mizigo iliyorundikana huiita HSP70 ya nje. HSP70 ilikuwa imemshikilia HSF1, mwamshaji wa zamani wa jeni za walezi wa protini. Inapomwachilia ili ikashughulikie mizigo, HSF1 anakwenda kwenye kiini. Yaani habari ni mbili, na zote mbili zinatakiwa.

Hapa naomba nisimame kuhusu uzee, kwa sababu ndiko maneno mengi ya mitandaoni yanakotoka. Mwaka 2002 Andrew Dillin na wenzake walionyesha kwamba mnyoo akipunguziwa kidogo mashine za nishati akiwa bado mchanga huishi muda mrefu zaidi. Akipunguziwa akiwa mtu mzima, hapati kitu. Mwaka 2011 maabara ya Dillin ikaonyesha jambo lililoshangaza zaidi: ukiharibu mashine hizo kwenye neva tu, utumbo nao unawasha mwitikio, kana kwamba neva zimepeleka salamu. Mwaka 2013, kundi la Johan Auwerx huko Lausanne likaonyesha kwamba kuvuruga uwiano wa kiwiliwili na mikono, ule ule wa koti la shangazi, kunaamsha mwitikio na kurefusha maisha ya mnyoo, hata kwa kutumia doksisaiklini, dawa ya kutibu maambukizi ya bakteria.

Basi watu wakarukia hitimisho: washa mwitikio, uishi miaka mingi. Mwaka 2014 watafiti wengine waliipima kauli hiyo na haikusimama. Minyoo ambao ATFS-1 yao imewashwa muda wote hawakuishi zaidi, na wako walioishi zaidi bila ATFS-1 kuhitajika. Kinachoonekana ni kwamba umri, tishu na muda vina uzito mkubwa. Mwaka 2016 upande wa giza ulidhihirika zaidi: ndani ya minyoo wenye mchanganyiko wa DNA nzima na DNA iliyoharibika ya mitokondria, ATFS-1 iliisaidia ile mbovu kubaki na kuongezeka. Ukarabati haukuchagua. Ndiyo maana nikiona tangazo la vidonge vya "kuamsha mitokondria" nasikitika, kwa kuwa anayeuza hajasema ataziamsha zipi, wapi, na kwa muda gani.

Doksisaiklini yenyewe iko kwenye kila duka la dawa hapa mjini. Wengine huinywa kuzuia malaria wakisafiri, wengine kwa maambukizi ya bakteria. Inamzuia bakteria asiongezeke kwa kukwamisha ribosomu zake, yaani mashine zake za kutengeneza protini, na ribosomu za mitokondria, kwa ule ukoo wao wa kale, zinafanana nazo kiasi cha kuguswa. Linezolidi inayotumika kwa kifua kikuu sugu ni vivyo hivyo, ndiyo maana anayeitumia hufuatiliwa damu na neva zake. Simwambii mtu aache dawa aliyoandikiwa. Kifua kikuu sugu kinaua. Ila watafiti wanaotumia dawa za kundi la tetrasaiklini kama swichi ya kuwashia jeni maabara walionywa tangu mwaka 2015 kwamba swichi yenyewe inazitikisa mitokondria, na matokeo yao yanaweza kuwa ya swichi badala ya ya jeni.

Kliniki zimeanza kuvuna kidogo. Seli zenye mitokondria zilizolemewa hutoa kwenye damu protini mbili, FGF21 na GDF15, na sasa hupimwa kusaidia kutambua magonjwa ya mitokondria ambayo zamani yalihitaji kukatwa kipande cha msuli. GDF15 hukamata kipokezi kilicho sehemu ya chini ya ubongo na kupunguza hamu ya kula. Ndiyo hiyo hiyo inayohusishwa na kutapika kukali kwa wajawazito, jambo lililonifanya nimtazame dada yangu kwa huruma mpya. Upande wa saratani mkondo umegeuzwa: dawa iitwayo ONC201 humchochea CLPP asage ovyo mpaka mitokondria za uvimbe zishindwe, na Agosti 2025 Marekani iliipa idhini ya haraka kwa aina moja ya uvimbe wa ubongo. Na kwa panya wenye ugonjwa wa moyo unaotokana na mitokondria, kuondoa DELE1 kuliwazidishia ugonjwa, ishara kwamba mwitikio ule ulikuwa unawabeba.

Shangazi alibadilishiwa dawa zamani. Anazotumia siku hizi, zenye tenofoviri, hazimgusi sana yule mnakili wa DNA ya mitokondria. Moto umepungua. Haujaisha, hasa kwenye vidole vya miguu, na beseni bado liko chini ya meza.

Juzi nilimwambia kwamba kazi nyingi kati ya hizi zimefanywa kwa seli za bakuli la maabara na kwa utumbo wa mnyoo, ambako kutoka mitokondria hadi kiini ni safari fupi mno. Seli ya neva inayohisi kidole cha mguu ina kiini chake kando ya uti wa mgongo, na mkia wake unashuka mpaka kwenye kidole ukiwa seli ile ile moja. Alinyamaza. Kisha akavuta futi yake shingoni, ile ya kupimia wateja, akashika ncha moja kiunoni, akanipa nyingine niishushe. Nilipiga goti sakafuni na kuifikisha kwenye kidole gumba. Sentimita tisini na mbili.

"Huko kote," akasema, "chai inarudi kwa miguu."